Tamasha Likiisha: Jinsi Shirika la Hisani Linavyoweza Kufaa Vijiji na Wasanii Chipukizi

Kikundi cha ngoma kikialikwa kutoka Merti au Garbatulla kuja kutumbuiza mjini Isiolo, mambo huenda kwa mtindo ambao wengi wanaujua. Wachezaji huamka alfajiri, hupanda lori au matatu, hufika wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na kuvaa shanga na mavazi yao nyuma ya hema. Hucheza dakika kumi na tano mbele ya wageni na kupigwa picha nyingi. Jioni hupewa sahani ya wali, fulana yenye nembo ya mdhamini na nauli ya kurudi. Wiki inayofuata, mtu akiuliza tamasha limeachia kijiji nini, jibu huwa ni fulana.

Somo hili linahusu namna ya kubadilisha jibu hilo. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya limeziachia serikali za kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, kwa hiyo tamasha ni jambo halali la kaunti. Hata hivyo, bajeti ya kaunti hupitishwa mwaka kwa mwaka, nayo ina hospitali, barabara na maji yanayogombania shilingi ile ile. Ndiyo sababu sehemu nyingi za Afrika Mashariki zimeunda shirika la hisani linaloshikamana na tamasha. Hiki ni chombo kilichosajiliwa kivyake, chenye wasimamizi na akaunti yake ya benki, na kwacho tamasha ni kazi moja tu kati ya kazi za mwaka mzima. Siku za ngoma zikipita, ofisi haifungwi.

Yaliyotokea Zanzibar

Mfano unaofundisha zaidi uko Unguja. Mwaka 2003 shirika lisilo la kiserikali liitwalo Busara Promotions lilianzishwa Zanzibar, na Februari 2004 likafanya tamasha la kwanza la Sauti za Busara. Tangu hapo wanamuziki kutoka pande zote za Afrika wamekuwa wakipanda jukwaani katika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, na wenyeji wao wa Unguja na Pemba wamepanda nao. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba humo mara nyingi mbele ya vijana ambao wengine walikuwa hawajawahi kumwona ana kwa ana.

Sheria mbili za tamasha hilo zinafaa kuangaliwa kwa makini. Ya kwanza ni kwamba muziki hupigwa moja kwa moja, kwa ala na sauti za jukwaani, wala msanii haruhusiwi kufungulia wimbo uliorekodiwa na kuigiza kwa mdomo. Kwa chipukizi hili ni gumu, kwani linamlazimu kupata wapigaji, kufanya mazoezi na kujua kazi yake sawasawa. Lakini msanii aliyeweza hapo anaweza popote. Sheria ya pili ni kwamba nafasi hutangazwa, wasanii hutuma maombi, na kamati huchagua. Mtoto wa mtu asiyejulikana ana mlango wa kuingilia.

Bei ya tiketi nayo imepangwa kwa busara. Mwenyeji hulipa kidogo na mgeni wa mbali hulipa zaidi. Watu wa mtaani hawafungiwi nje ya ngoma yao wenyewe, na mtalii huchangia bila kushurutishwa.

Karibu na tamasha hilo kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachojulikana kwa kifupi kama DCMA, kilichofungua milango mwaka 2002. Hapo vijana hufundishwa taarab, ngoma, udi, kanuni na fidla, na baadhi ya walimu ni wazee waliojifunza katika vikundi vya zamani. Ni chombo tofauti na tamasha, lakini viwili hivyo vinafaana. Chuo hutoa wapigaji, na tamasha huwapa jukwaa. Kijana anayejifunza mwezi wa Septemba anajua kwamba Februari kuna mahali pa kuonyesha alichokipata.

Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1998, nalo lilichukua njia nyingine ya kuwafikia watu wa mashamba. Badala ya kuwangoja waje mjini, lilipeleka filamu na mijadala vijijini Unguja na Pemba, likiwalenga hasa wanawake na watoto. Hili linafaa kukumbukwa Isiolo, ambako mama wa Oldonyiro hawezi kuacha mbuzi siku mbili ili aje kutazama jukwaa uwanjani mjini.

Hata hivyo, mambo ya Zanzibar hayakunyooka siku zote. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika. Fedha za wafadhili hazikutosha, na mapato ya tiketi peke yake hayakuwahi kulipa gharama zote. Tamasha lililokuwa likisifiwa kote barani lilikaa kimya mwaka mzima, kisha likarudi 2017. Chuo cha muziki nacho kilitangaza mwaka 2019 kwamba kilikuwa katika hatari ya kufungwa, kwa sababu wanafunzi wengi hawamudu hata karo ndogo na ufadhili ulikuwa umepungua. Vyombo vyote viwili vilisalimika. Lakini anayefikiria kuanzisha jambo kama hilo hapa asome mwaka 2016 kabla ya kusoma sifa.

Majirani wa karibu zaidi

Uganda, tamasha la Bayimba lilianza Kampala mwaka 2008 chini ya wakfu wenye jina hilo hilo. Wakfu huo haukungoja wasanii wa mikoani wafike mji mkuu. Uliandaa matamasha madogo katika miji kama Gulu, Mbarara na Jinja, na waliong'ara huko wakapata nafasi kwenye tamasha kubwa. Mpango huo unaingia Isiolo bila shida, kwa kuwa kaunti ina miji midogo ya kutosha kuandaa siku moja moja: Kinna, Garbatulla, Modogashe, Merti na Oldonyiro.

Kaskazini mwa Kenya kwenyewe hakukosi mifano. Mbio za ngamia za Maralal, kaunti ya Samburu, zimekuwako tangu 1990. Tamasha la Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, lilianza 2008 na limewakutanisha Warendille, Wasamburu, Waturkana, Wagabbra, Waelmolo na jamii nyingine, baadhi yao zikiwa na historia ya kuibiana mifugo. Thamani ya siku ambazo watu hao hucheza katika uwanja mmoja haipimwi kwa tiketi.

Na mpakani kabisa mwa Isiolo kuna mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000 kwa ushirikiano wa hifadhi ya Lewa na shirika la hisani la Tusk la Uingereza. Mbio si ngoma, lakini mtindo wa fedha ni ule ule unaozungumziwa hapa. Mkimbiaji hulipa ada ya kuingia, wengi wao huchangisha marafiki na makampuni yao, na mapato huenda kwenye uhifadhi, shule na afya. Mtu hujiandikisha akijua tangu mwanzo kwamba miguu yake inachangia kitu fulani kilichotajwa. Kwenye matamasha mengi, mtazamaji hulipa mlangoni bila kuambiwa chochote kuhusu safari ya shilingi mia yake.

Hesabu ambayo watu huikwepa

Kuna dhana kwamba tamasha huleta faida, na faida hiyo ndiyo itakayochimba kisima. Hebu ichukuliwe hesabu ya kubuni, ya tamasha dogo la siku mbili. Watu 1,500 wanalipa sh100 kila mmoja, jumla sh150,000. Vibanda 40 vinakodishwa kwa sh1,000, jumla sh40,000. Mfukoni kuna sh190,000.

Sasa zitolewe gharama. Mitambo ya sauti, jenereta na jukwaa, sh80,000. Lori la maji na vyoo vya muda, sh25,000. Usalama na huduma ya kwanza, sh15,000. Vikundi sita vya ngoma vikilipwa sh10,000 kila kimoja, sh60,000. Jumla ni sh180,000. Kinachobaki ni sh10,000, na hiyo haitoshi hata mabomba ya kisima, sembuse kuchimba.

Waandaaji wengi hufika hapa na kufuta mstari wa mwisho. Wanasema ngoma ni utamaduni, wachezaji wanajitolea kwa ajili ya jamii yao. Mara moja baki linakuwa sh70,000, picha inapigwa ya hundi kubwa ya karatasi, na kijiji kinapewa mchango. Lakini sh60,000 kati ya hizo zimetoka kwa wachezaji wenyewe. Ni jasho la vijana wa Merti na akina mama wa Kinna lililogeuzwa kuwa ukarimu wa mtu mwingine. Hisani inayoanza kwa kutomlipa msanii imekosea njia mlangoni. Mwenye mitambo ya sauti hajitolei, mwenye lori la maji hajitolei, basi kwa nini mwenye ngoma?

Njia iliyo wazi zaidi ni ile ya Zanzibar ya bei mbili. Isiolo ina hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, na ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro kuna hifadhi ya Samburu. Wageni wanaolala katika kambi na hoteli za huko wako karibu na mji. Katika hesabu ile ile, wageni 50 wakilipa sh2,000 kila mmoja wanaongeza sh100,000, na baki linapanda hadi sh110,000 bila kumnyima mchezaji haki yake wala kumpandishia mwenyeji bei. Hiyo ni kazi ya kuzungumza na wenye hoteli miezi mingi mapema.

Hapo, lakini, pana fundo. Wageni huja kwa wingi kati ya Juni na Oktoba, yaani kiangazi. Kipindi hicho ndicho ambacho mifugo iko mbali, vijana wako malishoni, na nyumba nyingi zinahesabu maziwa kwa kikombe. Tamasha la msimu wa wageni linaweza kukosa wenyewe. Likifanywa baada ya mvua, wenyewe watakuwepo wakiwa wameshiba, lakini hoteli zitakuwa na vitanda vitupu na barabara za Merti zitakuwa matope. Kila wadi italazimika kuamua kwa kuangalia hali yake, na huenda jibu likawa matamasha madogo ya vijijini baada ya mvua, na moja la mjini wakati wa wageni.

Kijiji kipate nini

Shirika la hisani huharibika haraka pale ambapo watu watano ofisini ndio wanaoamua kijiji kinahitaji nini. Baraza la kijiji, mbele ya chifu na wazee, na akina mama wakipewa nafasi ya kusema kabla ya mwisho, lichague jambo moja la mwaka. Jambo hilo liwe dogo la kumalizika: kukarabati tangi la maji la shule, karo ya watoto wawili wa sekondari, paa la chumba cha mazoezi. Mradi mkubwa ulioachwa nusu huua imani ya watu kwa miaka.

Vibanda navyo visidharauliwe. Katika siku mbili za tamasha, fedha nyingi hupita mikononi mwa wauza chakula kuliko mlangoni. Wanawake wa Isiolo tayari wamejenga biashara ya maziwa ya ngamia ambayo husafirishwa kila siku hadi Eastleigh, Nairobi, kwa hiyo hakuna haja ya kumleta mfanyabiashara wa soda kutoka mbali akachukua sehemu bora ya uwanja. Shirika linaweza kuamua kwamba vibanda vya mbele ni vya vikundi vya wanawake wa kaunti, kwa kodi nafuu, na kampuni kubwa zilipe bei kamili upande wa nyuma. Washona shanga waandikiwe bei zao waziwazi, wasiachwe kubishana na mgeni aliye na basi linalomngoja.

Kuna jambo jingine la thamani ambalo halionekani kama mali. Wazee wanaojua nyimbo za kunyweshea mifugo kisimani, masimulizi ya ukoo na methali za Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kisamburu wanazeeka. Shirika likiwarekodi, litakuwa limefanya kazi ambayo mwaka hadi mwaka huahirishwa. Lakini hapa sheria ina neno. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inataka jamii iombwe idhini mapema, ikijua kitakachofanywa, na igawiwe manufaa kwa haki. Simu yenye kamera si ruhusa. Anayerekodi wimbo wa jamii na kuuweka kwenye mtandao kwa jina lake anachukua kisichokuwa chake, hata akiwa mtoto wa jamii hiyo.

Chipukizi apate nini

Kijana wa Bulapesa anayetunga nyimbo kwa simu yake anahitaji vitu vichache, na pesa si cha kwanza. Anahitaji chumba chenye umeme cha kufanyia mazoezi. Anahitaji mtu wa kumfundisha kupanga sauti, kusoma mkataba na kutoza bei. Anahitaji kujua tarehe ya jukwaa miezi sita kabla, wala si kupigiwa simu jana yake. Shirika lenye chumba kimoja na mwalimu mmoja wa Jumamosi linaweza kuyafanya hayo kwa gharama ndogo kuliko ya kumleta mwanamuziki maarufu kutoka Nairobi kwa usiku mmoja. Na kama wa Nairobi lazima aje, basi mkataba wake useme kwamba asubuhi atakaa saa mbili na vijana.

Hakimiliki huwachanganya wengi. Wimbo aliotunga kijana mwenyewe ni mali yake tangu anapourekodi au kuuandika, na anaweza kuuandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ili awe na ushahidi mzozo ukitokea. Wimbo wa jadi alioukuta kwa bibi yake si wake peke yake. Akiuchanganya na maneno mapya, yale mapya ni yake na ya zamani yabaki ya jamii. Tamasha linaloonyesha kazi yake mtandaoni liseme kwenye mkataba ni kwa muda gani na kwa malipo gani. Mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili unatosha, mradi pande zote mbili ziwe na nakala.

Wasichana watajwe peke yao. Maonyesho mengi hufanyika usiku, na mzazi wa Garbatulla hataki binti yake alale mjini asikokujua. Shirika likipanga maonyesho ya mchana, usafiri wa pamoja na mama mmoja mtu mzima wa kusafiri na kikundi, idadi ya wasichana jukwaani itapanda bila hotuba yoyote kuhusu usawa.

Kuanza na karatasi

Kundi la wakazi linalotaka kuanza halihitaji kuwa shirika kubwa siku ya kwanza. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inaruhusu kikundi kujisajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, na maafisa wake wanapatikana katika kaunti ndogo. Wanachama huandika katiba ya kikundi, huchagua mwenyekiti, katibu na mhazini, na kufungua akaunti. Kazi ikikua na wafadhili wa mbali wakianza kuuliza maswali, ndipo hatua inayofuata ni kujisajili chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, ambayo ilianza kutumika Mei 2024 na kuchukua nafasi ya sheria ya zamani ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Hapo mahitaji ya vitabu vya hesabu na taarifa za kila mwaka huwa makali zaidi.

Katiba ya kikundi iseme mapema mambo matatu ambayo baadaye huleta ugomvi. Nani anatia sahihi ya kutoa fedha, na wasiwe wa nyumba moja. Asilimia ngapi ya mapato inawekwa akiba kila mwaka, kwa ajili ya mwaka utakaofanana na 2016 wa Zanzibar. Na je, mwanasiasa anaweza kuwa msimamizi? Wengi wamejifunza kwa uchungu kwamba tamasha lenye sura ya mgombea hufa naye katika uchaguzi. Anaweza kualikwa, akae mbele, akatazame ngoma, na kulipa tiketi ya bei ya mgeni.

Baada ya tamasha, ndani ya siku thelathini, hesabu ibandikwe mahali ambapo watu hupita: ubao wa ofisi ya wadi, lango la soko la mifugo, mlango wa zahanati. Karatasi moja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka, na kila kikundi kililipwa kiasi gani. Vikundi vya ngoma vitaisoma kwanza mstari wao, na ikiwa kiasi hicho hakilingani na kilichofika mkononi, watasema hapo hapo.